Kabla Hujafika Mezani kwa Msajili

Kerege, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwantumu mwanangu,

Tumeamkiana asubuhi, na ukirudi kutoka Bagamoyo ulikokwenda kusuka tutaamkiana tena, kwa hiyo salamu naziruka. Nimejifungia kwenye kibanda cha hapa kiwandani, na mafundi nimewaambia anayetaka saruji asubiri mpaka nitoke. Mambo ya ndoo, neti, kandambili na dawa ya mbu hayamo katika barua hii. Umeyaandika mwenyewe kwenye daftari, vitu thelathini na saba, nimevihesabu, umekumbuka mpaka sindano na uzi mweusi. Sina la kuongeza hapo.

Ninaloandika ni jambo moja, na lina haraka. Kesho unasafiri. Jumatatu asubuhi utasimama mbele ya meza ya msajili wa chuo kule Tanga. Atafungua faili, na humo atakuta karatasi ambayo wewe huijui. Akikuuliza utasema huijui, naye ataona unamdanganya, kwa sababu kwenye fomu yako ya maombi, pale walipouliza kama umewahi kuchaguliwa kujiunga na chuo hicho, umeandika Hapana. Na chini kabisa ya fomu wameandika kwamba mwombaji atakayetoa taarifa za uongo atafutiwa nafasi. Wewe uliandika unachokijua. Uongo ni wangu.

Ulichaguliwa, Mwantumu. Mwaka juzi, chuo hichohicho, fani hiyohiyo ya ugavi na utunzaji wa ghala. Nafasi ilikuja nikaikataa, nikakwambia jina lako halikutoka.

Ningeweza kungoja urudi nikwambie kwa mdomo. Sitaki, kwa sababu najijua. Nitasema mimi, utafungua mdomo kunijibu, neno litakwama, nami nitalidaka na kulimalizia, tena nitalimalizia kwa faida yangu. Nimefanya hivyo miaka kumi na minane. Hapa kwenye karatasi utanisoma mpaka mwisho, halafu utanijibu kwa muda wako, na mimi sitakuwapo karibu na ulimi wako.

Uozo huu haukuanza mwaka juzi. Ulianzia kwenye shikamoo.

Ulikuwa na miaka minne ulipojifunza kuamkia. Ile sauti ya mwanzo ilikuwa inakushika. Shingo inapinda, mkono wa kushoto unajikunja kifuani, halafu neno linatoka, zima, safi. Nilikuwa nikihesabu. Sekunde saba, siku za baridi tisa. Sekunde saba! Watu wetu hawa wa Pwani wanaweza kusimama njiani kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa na za mbuzi aliyezaa, robo saa ikapita hawajaagana. Lakini sekunde saba za mtoto mwenye mtindio wa ubongo hawana. Wanaangalia viatu vyao. Wanaangalia barabara kama kuna gari wanalingojea. Mimi nami nikaona haya, nikaona mtoto wangu ataonekana hana adabu, nikaanza kusema, “Anakuamkia.” “Marahaba, marahaba,” wanajibu, wakinitazama mimi. Neno lako likifika, wao wameshaondoka.

Kwa siku ulikuwa unakutana na watu wazima kumi, kumi na watano. Zidisha kwa mwaka, zidisha kwa miaka mitatu. Ulipofika miaka saba ukaacha hata kujaribu, na mtaa mzima ukasema binti wa Zaina ni bubu. Kwa sauti, mbele yako, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nilikuwa nagombana nao, unakumbuka, niliwahi kumrushia mtu ndoo ya maji. Leo nikiwaza naona kinyaa. Bubu huyo nilimtengeneza mimi, kwa kupenda mtoto wangu aonekane ana adabu.

Baba yako hana tofauti. Anakaa Saadani, ana kazi yake ya hifadhi, ana watoto wengine watatu, na kila Idi anapiga simu. “Mama Mwantumu, mtoto hajambo?” “Hajambo.” “Anakula?” “Anakula.” “Haya, msalimie.” Simu hiyo haifiki dakika moja, na hata siku moja hajasema nikupe uongee naye. Nimemtukana moyoni kila Idi. Lakini simu ilikuwa mkononi mwangu, nawe umekaa hatua mbili kutoka nilipo, na mimi sijawahi kukunyooshea. Sikuhitaji ruhusa yake kwa hilo.

Sasa lile la mwali.

Najua hujalisahau, kwa sababu hujawahi kulitaja. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Wewe na Rehema, binti wa mama yako mkubwa Mwanaisha, mlivunja ungo mwaka mmoja, mkipishana wiki tano. Dada akaniambia tuwaweke ndani pamoja, wafundwe pamoja, tuwatoe siku moja na ngoma moja. Nikafurahi. Nikanunua doti mbili za kanga. Halafu akaja yule somo, wamemtoa Msata, na umaarufu wake wote. Akakutazama ulivyoingia ukiburuza mguu, akanigeukia.

“Na huyu?”

“Naye mwali.”

“Huyu wa kumfunda ya nini, Zaina? Ataolewa na nani? Hata kukaa mkekani akatulia hawezi. Atatuharibia ngoma ya mwenzake.”

Chumba kilikuwa na wanawake sita. Nikangoja mmoja aseme kitu. Mwanaisha akaanza kukunja kanga ambayo ilikuwa tayari imekunjwa. Nami, mwanamke ninayejulikana kuanzia hapa mpaka Msata kwa mdomo mchafu, mwanamke niliyemfukuza mwenye lori kwa sepetu, nikasema, “Basi, na awe Rehema peke yake.”

Siku tisa ukasikia nyimbo kupitia ukuta. Siku ya kumi wakamtoa, amepakwa mafuta, amefunikwa kanga mpya, watu wanamtuza, vigelegele. Nikaja nyumbani kuchukua sinia nikakukuta chumbani kwangu. Umejifunga ile doti yako, umekaa mkekani miguu umeinyoosha, macho chini, kama mwali anavyokaa. Umetulia kabisa. Yule mwanamke alisema huwezi kutulia.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilisimama mlangoni na sinia nikacheka, nikakuuliza, “Unaigiza nini, wewe?”

Ukaniambia. Ilichukua muda mrefu kuliko siku zote, mpaka jasho likakutoka puani. Ukasema, “Na mimi nimekua.”

Nikakujibu, “Wewe ni mtoto wangu.” Nikachukua sinia nikarudi kwenye ngoma ya Rehema, nikacheza.

Hakuna aliyekufunda. Yale ambayo mwanamke huambiwa na somo wake, wewe umeyaokota kwenye redio na kwa wasichana wenzako shuleni, nusu yake kweli, nusu yake upuuzi. Na mimi kwa kuwa nilishaamua hukukua, nikaendelea kukubeba mpaka mahali pasipobebeka. Unakumbuka zahanati, ulikuwa na miaka kumi na saba, tumbo linakuuma? Muuguzi akaniuliza mimi, wewe umekaa mbele yake, magoti yenu yanakaribia kugusana, “Huyu anapata siku zake?” Nikamtajia tarehe. Nilizijua tarehe zako kama ninavyojua siku za kumwagilia matofali, na nikazisema mbele ya wagonjwa wengine wanne waliokuwa kwenye foleni. Ulifunga macho. Nilidhani ni maumivu ya tumbo.

Kuna watu utakaokutana nao huko ambao hawatakudharau waziwazi. Hao uwe nao macho zaidi. Ulipokuwa kidato cha pili walikuja wageni shuleni kwenu na viti vya magurudumu vitano. Wanafunzi wasioweza kutembea mlikuwa nao wawili. Wewe unatembea. Kutoka barabarani mpaka darasani kwenu ni hatua mia nne na ishirini, na ulikuwa unazimaliza kila siku, jua na mvua. Lakini wao picha walizitaka tano, na wazazi tulikuwa tumeitwa tupige makofi. Ukanitazama. Nikasema, “Kaa tu mwanangu, mara moja, watu wametoka mbali.” Ukakaa. Wakakuwekea mfuko wa unga mapajani. Halafu mpiga picha akaniambia mimi, “Mama, mwambie atabasamu kidogo.” Nami nikakwambia utabasamu! Hicho kiti mpaka leo kiko stoo ya shule, kimewekewa chaki. Picha yako sijui inatembea wapi duniani. Siku yoyote mtu akikuambia ukae mahali ambapo mwili wako haukuhitaji kukaa, simama. Wawe wametoka mbali, wawe wametoka jirani.

Mtu mmoja tu alijaribu kunirekebisha, nami nilimchukia kwa hilo. Mwalimu Halima. Alikuwa na utaratibu wake kwa wanafunzi wake wenye ulemavu: wakifika kidato cha tatu, anamwita mzazi, wanakaa watatu, na mwanafunzi ndiye anayeendesha kikao, anaeleza anataka kuishi vipi akimaliza shule. Nilipoingia ofisini nikakuta wewe umekalia kiti cha mwalimu na yeye amekaa kwenye benchi. Nikasema, “Mwalimu, huyu amekukalia kiti.” Akasema, “Ndiye mwenyekiti wa leo, mama. Karibu.”

Maswali yalikuwa kumi na manne. Nilijibu kumi na moja. Unapenda kukaa mjini au kijijini? “Atakaa na mimi.” Unapenda kazi ya namna gani? “Kazi gani, mwalimu, si unamwona?” Chakula gani hupendi? “Anakula kila kitu, hasumbui.”

Mwalimu Halima akaweka kalamu chini. “Mama Mwantumu, leo wewe ni mgeni mwalikwa. Mgeni hasemi mpaka mwenyekiti ampe nafasi.” Akakugeukia. Akangoja. Alikuwa na namna ya kungoja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, kama vile mkutano wote umeitishwa kwa ajili ya kungoja huko. Ukasema:

“Maharage.”

“Hupendi maharage?”

“Sijawahi… kuyapenda.”

Miaka kumi na saba ninakupikia maharage, siku nne kwa wiki. Kokotoa mwenyewe. Ninyi wawili mkacheka, mimi nikakasirika nikaona ninafedheheshwa na mwanamke ambaye hajawahi hata kukuosha. Njia nzima ya kurudi nilimsema vibaya. Wewe ulikuwa unatembea mbele yangu. Kabla ya siku ile ulikuwa unatembea nyuma.

Sasa tufike kwenye karatasi.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, uko nyumbani unasubiri, na jina lako kweli lilitoka. Mwalimu Halima alinipigia mimi, kwa kuwa simu yako ilikuwa imeharibika. Nilikuwa nimesimama kwenye rundo la mchanga. “Hongera, mama! Mwantumu amepata Tanga. Barua iko kwangu.” Nikasema nitakuja kuichukua, nitakwambia. Nilipofika, akanipa barua pamoja na fomu ya kuthibitisha, sehemu ya chini ikiwa ya mzazi au mlezi. Akatoka kwenda darasani. Nikabaki na kalamu. Kulikuwa na mstari wa kukubali na mstari wa kukataa, na palipoandikwa Sababu paliachwa mistari mitatu. Mimi nilitumia nusu mstari. Niliandika: Mtoto hawezi.

Maneno mawili. Ulikuwa na miaka ishirini, nami nikaandika mtoto. Kuhusu hawezi, sikumuuliza mtu yeyote, wewe wa kwanza. Nikaibandika bahasha nikaituma chuoni mwenyewe ili isipitie mkononi kwa mwalimu tena, na yeye nikamwambia umeamua kupumzika kwanza. Nyumbani nikakwambia orodha imetoka, bahati haikuwa yetu. Ulikuwa unachambua mchele. Uliendelea kuchambua, ukaumaliza wote, ukaingia ndani. Wala hukulia. Laiti ungelia.

Karatasi hiyo ndiyo iliyomo kwenye faili, na mwandiko ni wangu na sahihi ni yangu.

Kwa muda mrefu nilijiambia niliogopa kwa ajili yako. Bweni, ngazi, wanaume, moto wa jikoni, watu wasio na huruma. Hayo yapo, sikufichi. Lakini nimekaa nayo vizuri wiki hii, nimeyapima moja moja, na ndani yake hofu ni kidogo. Mimi nilianza kwa kuponda kokoto kwa nyundo, wewe umelala kwenye kivuli cha turubai. Kutoka nyundo nikaenda kwenye kalibu moja ya mbao ya kufyatulia matofali, kutoka kalibu moja nikafika mashine mbili na mafundi sita. Kila aliyenisifu kwa hayo aliongeza, “Na mtoto yule juu yake!” Mama jasiri. Mama wa peponi. Nimeitwa hivyo misibani, harusini, kwenye vikao vya kijiji. Nikazoea. Ukienda zako ukafaulu, mimi nabaki mwanamke anayeuza matofali Kerege, na wako wanane kwenye barabara hii. Hiyo ndiyo sababu, na inanuka. Nimeiandika hivyo ilivyo kwa sababu ukiisikia kwa mwingine ataipamba.

Na ushahidi kwamba niliandika uongo haukuchelewa. Ulikuwa umekaa hapa kiwandani miezi michache, nimekupa kazi ya kuhesabu matofali yanayotoka, nikidhani nakupa kitu cha kukushughulisha. Siku ile likaja lori la mchanga. Wewe ukatoka na rula na kipande chako cha fito, ukazunguka lori, ukamwambia dereva asawazishe mchanga kabla hajamwaga.

Akanipigia kelele mimi. “Mama Mwantumu! Mwondoe mgonjwa wako hapa, jua litamzidi!”

Ukaanza, “Sa… sa…”

“Sasa nini? Sasa hivi? Sawa? Salama?” Mafundi wanacheka.

Nikafungua mdomo, halafu simu ikaita nikaipokea. Ndiyo maana nilinyamaza, usije ukadhani nilikuwa na hekima. Nikiwa kwenye simu nikakuona unarudi mwanzo wa neno. Akakukata. Ukarudi mwanzo. Akakukata tena. Mara ya nne mafundi walikuwa wameacha kucheka, na yule bwana akabaki peke yake na kicheko chake, hajui akiweke wapi. Ukamaliza: “Sawazisha.” Akapanda akasawazisha. Mchanga ulikuwa umerundikwa katikati kama kichuguu, na pembe zote nne tupu. Ukasimamisha fito. Ulipungua shubiri moja na nusu, lori zima. Mimi ninayejisifu kwa hesabu, miaka kumi na mmoja nilikuwa nanunua pembe tupu, kwa kuwa nilikuwa naangalia kilele.

Siku ile nilipaswa kukwambia. Nikakuita shujaa, nikakununulia soda, nikanyamaza. Nikaendelea kunyamaza mpaka ulipokuja kuniambia, Jumanne moja, umevaa gauni lako la kijani, kwamba umeomba chuo, umejaza fomu peke yako, umepata, unaondoka. Hukuniomba. Uliniarifu. Nikaona giza. Kwanza nilikasirika kwamba hukunishirikisha. Halafu nikaitazama nakala ya fomu yako, nikafika kwenye lile swali, nikaona Hapana, kwa mwandiko wako ule wa kubonyeza sana kalamu.

Juzi Alhamisi nilipiga simu chuoni. Nilitaka nilimalize mwenyewe kimyakimya, ufike ukute njia nyeupe. Akapokea mwanamke, kumbe ndiye msajili. Nikaanza kumweleza habari yako, hali yako, tangu kuzaliwa. Akaniacha niseme kama dakika nne.

“Mama, huyo unayemzungumzia ana umri gani?”

“Ishirini na mbili.”

“Anasikia?”

“Anasikia vizuri.”

“Anasema?”

“Anasema, ila anachelewa.”

“Basi mwache aje aseme. Jumatatu nipo kuanzia saa nne mpaka saa tisa na nusu.”

Akakata. Nilimchukia mwanamke yule kuanzia saa nne asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Nilisema ana roho ngumu, nilisema hana mtoto. Kisha nikahesabu: kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu, saa tano na nusu. Ameziweka zote kwa ajili ya mtu anayechelewa kusema. Mimi mama yako nilikunyima sekunde saba.

Sijui atasema nini akishasikia. Sikupewa ahadi, nami sikupi. Inawezekana akaelewa, inawezekana akasema sheria ni sheria, urudi na begi lako. Nimeogopa kukuandikia sentensi hiyo, lakini ni yako, ujue unaingia ofisini na nini.

Mambo niliyojifunza ni machache, na nimeyapata kwa gharama yako, kwa hiyo nakurudishia. Mtu akikudaka neno, rudi mwanzo, kama ulivyomfanyia dereva. Akikuamkia mtoto, mjibu mwenyewe hata kama mama yake ameshapita. Mtu akimuuliza mwenzako kuhusu wewe, mwenzako akajibu, hata kama ni rafiki, hata kama amejibu vizuri, mwambie mkiwa wawili kwamba asirudie. Mimi hukuwahi kuniambia. Sikulaumu, nilikuwa sikuachii nafasi. Na wakikuletea maharage siku saba kwa wiki, kwa maana bweni ndivyo lilivyo, ule, kisha jioni utafute unachopenda. Ukihitaji msaada omba msaada huohuo tu. Ukihitaji mtu akushikie ndoo, asikushike na mkono.

Na ikiwa siku moja utampata mtu, usiniulize kama inawezekana. Uliuliza ulipokuwa na miaka kumi na minne, na mimi nilikuwa na sinia mkononi.

Begi langu nilikuwa nimeshalifunga. Nilipanga nije nawe mpaka Tanga, nisimame nawe pale mezani, nieleze. Leo mchana nimelifungua, nguo nimezirudisha kabatini. Nikija nitasema mimi, tena nitalia, na mama akilia ofisini hakuna anayemtazama binti. Kesho nitakufikisha hapo barabarani. Gari la kwenda Msata utalipanda mwenyewe, na la Tanga utalipanda Msata mwenyewe.

Barua hii nitakupa tukishakula. Isome ukiwa bado nyumbani, usiiweke mpaka ufike kwenye basi, ili ukitaka kunitukana uwe na mtu wa kumtukana. Nitakaa barazani. Ukija, nitasikiliza. Usipokuja, nitajua nimejibiwa. Msamaha sikuombi usiku wa safari. Una mengi ya kubeba, na huo unaweza kungoja miaka yoyote utakayotaka.

Pamoja na barua kuna karatasi ya pili, fupi, bahasha yake sikuigundisha. Nimeandika hivi: Mimi Zaina ndiye niliyeikataa nafasi ya mwaka juzi. Mwantumu hakuulizwa na hakujua. Alichoandika kwenye fomu ni kweli kwa kadiri alivyojua. Nimeweka sahihi. Unaweza kumpa msajili uanzie hapo, unaweza kumsimulia kwanza kwa mdomo wako halafu umpe, unaweza kuichana ukasema yote mwenyewe. Kipi kitakufaa mimi sikijui, nimeshakosea sana kwa kudhani nakijua. Fanya unavyoona. Sitakuuliza umefanya lipi.

Mama yako,
Zaina